Herufi Ishirini

Ofisi ya maji, Amu, ghorofa ya pili.
Feni ina bawa lililopinda, hulalamika kila mzunguko.
Meneja amenikabidhi kiolezo:
"Saumu, barua zijiandike."
Zijiandike usiku, sisi tumelala,
mia sita na kumi na mbili,
kila mdaiwa na yake.

Basi nikapanga.
Pambizo ya kushoto sentimita tatu, itobolewe kwa ajili ya faili,
ya kulia mbili.
Kati ya mistari, moja na nusu:
macho ya watu wetu si ya jana.
Fonti iliyokuja na mashine sikuipenda,
imekonda kama mgeni wa hoteli anayeogopa chakula;
nikachagua yenye miguu, inayosimama.
Deni, herufi nzito.
Neno "tafadhali", mlazo.
(Meneja akalifuta. Nikalirudisha. Akalifuta.)
Tarehe ijijaze. Namba ya mita ijijaze.
Jina lije lenyewe kutoka orodhani,
liketi baada ya "Ndugu",
na lisizidi (hapa nilibonyeza bila kufikiri)
herufi ishirini, pamoja na nafasi,
maana lilipozidi mstari uliteremka,
ukaisukuma aya, aya ikaisukuma jumla,
na sahihi ya meneja ikaangukia ukurasa wa pili,
peke yake katika weupe wote ule,
kama bwana harusi aliyefikishwa nyumba siyo.

Kompyuta ilikwisha kunionya, kwa namna yake:
kila jina la mji huu ililipigia mstari mwekundu.
Mwanaesha, kosa. Kupi, kosa.
Bwanaheri: je, ulimaanisha "bandari"?
Nikauzima ule wekundu, nikaendelea.

Jumatatu, sijaweka hata mkoba chini,
mlangoni fundi wa nguo kutoka Langoni,
utepe wa kupimia ungali shingoni,
barua ameikunja mara nne.
"Ni nani menikata ina?
Soma. Soma kwa sauti."
Nikasoma:
Ndugu Famau Lali Kupi Mbwa.

Foleni nyuma yake ilicheka, kisha ikaona haya.
Yeye hakucheka.
"Nikikushonea gauni,
mkono wako ukazidi kitambaa,
nikukate mkono?"

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza.
Famau, tano. Nafasi. Lali, nne. Nafasi.
Kupi, nne. Nafasi.
Zimebaki nne, nazo ni M, b, w, a.
Mashine haikumtukana. Mashine haijui mbwa ni nini.
Aliyeandika ishirini ni mimi.

Alasiri sikwenda nyumbani.
Nikafungua kiolezo, nikafuta kikomo,
nikaruhusu jina livunje mstari likitaka,
lishuke, lipumzike, liendelee na baba wa baba.
Nikabana nafasi iliyo juu ya nembo,
nikaondoa sanduku la posta ambalo ufunguo wake hatuna,
nikaifunga sahihi ya meneja na aya ya mwisho
wasitenganishwe na ukurasa.
Nikajaribu jina refu kuliko yote orodhani,
Mwanakhamisi binti Shekuwe bin Bwanamkuu bin Athumani wa Wiyoni:
likaingia, mistari miwili, hakuna aliyesukumwa.
Printa ikalitoa lote, polepole,
kama mtoto anayesomeshwa.

Barua ya pili nilimpelekea Langoni kwa mkono wangu.
Alilifuata jina kwa kidole, herufi kwa herufi,
akaifikia ile "na" ya mwisho, silabi niliyomnyima,
akashusha pumzi.
Kidole kikateremka,
kikapita mahali ilipokuwa "tafadhali",
kikasimama kwenye herufi nzito:
shilingi 1,340.
Akanyoosha mkono nyuma ya cherehani, akafungua mfereji.
Ukakohoa. Ukatoa hewa.
"Ina limetimia," akasema.
"Na hili, hulipanga wapi?"

Nikarudi ofisini.
Nikaipitia menyu yote, kijajuu, kijachini, majedwali,
mpaka kule chini kabisa,
kwenye yale machaguo yasiyofunguliwa na mtu.