Mshika Gunia

Karaganda, Januari. Madirisha yameganda barafu kwa ndani.
Kazi yangu ni kulikumbatia gunia:
bega hapa, shavu hapa, kwenye ngozi inayonuka jasho la wengine.
Ngumi za watu nazijua kwa mbavu, si kwa macho.

Temirkhan, kilo mia na kumi, shingo ya fahali.
Akipiga, gunia lanibana hadi ukutani,
lakini ni kusukuma tu, kama mtu anayehamisha kabati.
Ngumi yake inafika, inavuta kiti, inasubiri chai.

Nurdaulet ni rasharasha.
Sita, saba, kumi, kabla sijapumua;
vumbi linalowa, mbegu haina habari.

Kisha Aizere wa duka la mikate,
kilo hamsini na moja, pamoja na viatu.
Kocha Dosbol kampaka chaki kisiginoni:
“Geuza hiki. Mkono utafuata wenyewe.”

Akalegeza bega, kama anayetaka kupiga chafya.
Kisigino kikasaga sakafu,
nyonga ikafunguka, mlango uliopigwa na upepo,
na mkono, uliokuwa mlegevu njia nzima,
ukafumba ngumi pale mwisho kabisa.

Gunia halikuyumba.
Niliyumba mimi.

Temirkhan akacheka, eti nimeteleza.
Sikumjibu. Pumzi ya kujibia sikuwa nayo.

Usiku, jikoni, nikingoja birika,
na soksi zangu nageuza kisigino, nageuza tena.
Ubavu wauma.
Kulyash, mke wangu, auliza nacheza ngoma gani.
Namwambia bado sijaijua.