Zafarani ya Odile

Saa moja asubuhi, Saint-Étienne bado gizani,
theluji imekuwa tope kwenye ngazi za hospitali,
naye Odile Faverjon keshafika,
keshachemsha kahawa, keshaisahau ikapoa.

"Leo tuna kiganja."
Si kiganja kizima. Ni kinyama mfano wa punje ya choroko
kutoka mkono wa mtu nisiyemjua,
namba tu, na mwandiko wa daktari:
kidole cha pete kimejikunja miaka minane,
kikakataa glavu,
kikakataa kupeana mkono.

Kisu kinapita. Mikroni nne.
Kipande kinaelea juu ya maji ya vuguvugu
kama utando wa maziwa,
Odile anakiopoa kwa kioo, pumzi kaibana.

Zailini, nta itoke.
Spiriti, kali kisha dhaifu, hadi majini.
Hematoksilini, iliyotoka katika moyo wa mti,
na viini vya seli vinavaa buluu.
Eosini, na kuta za mishipa zinaona haya.

"Wenzetu wengi huishia hapa," anasema,
kwa sauti ya mtu anayewahurumia jirani
wanaokula wali mkavu.
Kisha anafungua kabati la chini.

Mimi nilidhani zafarani ni ya pilau!
Yeye huipima kwa mizani ya dawa,
huitokosa ndani ya spiriti kavu kabisa,
na siku hiyo maabara nzima hunukia karamu
isiyo na mgeni hata mmoja.

"Maji yasiikaribie. Tone moja tu
na manjano yote yanahama.
Nilikwisha kuyapoteza mara moja, mwaka wa tisini na moja.
Matumbo ya watu ishirini."
Hacheki.

Dakika nane kwenye joto. Spiriti. Zailini. Gundi. Kioo juu ya kioo.

Nikainama kwenye hadubini.
Palipokuwa na waridi tupu
sasa nyuzi za kolajeni zimewaka, manjano iliyoiva,
zimebanana bega kwa bega, upande mmoja,
kama zinavuta kitu.
Odile akatazama baada yangu, akakaa sana.
"Babu yangu alifuma riboni, kule Crêt-de-Roc.
Angesema huyu kakaza mno."

Akaniomba nimfungulie kizibo cha chupa.
Mwezi uliopita alikuwa akikifungua mwenyewe.

Kidole kimoja hakivunji chawa, tulifundishwa.
Hatukufundishwa kwamba kimoja kikikunjika
ndipo mtu huvihesabu vyote.

Sikuuliza. Aliandika namba kwa penseli,
akaweka kioo kwenye trei,
kisha, akidhani nimegeuka,
akalaza kiganja chake mezani, akakikandamiza.

Chini yake palibaki mwanga mwembamba.
Kioo kimoja kingepita.