Daraja la Gari Moja

Nimeitazama barabara kilomita kumi na mbili
na sikuiona hata moja.
Niulizeni nguzo za njano zilikuwa ngapi,
mto ulikuwa na rangi gani: sijui.
Niulizeni sauti ya Dagbjört kwenye simu,
nami nitawapa kila kituo, kila mkato,
namna alivyovuta pumzi kabla ya kusema,
"Farasi wa baba nimeshawauza. Wote saba."

Wote saba.
Hata yule mzee wa rangi ya moshi,
aliyekuwa akilamba chumvi kiganjani mwa baba
hadi wiki ile ya mwisho.

Nilitoka Höfn bila kumaliza kahawa.
Subaru ya kijani, kioo kina ufa kama mto wa ramani,
mikono miwili juu ya usukani, mkanda umefungwa,
mwendo tisini, kama sheria itakavyo.
Polisi angenisimamisha, angenipongeza.
Hakuna kipimo cha kupuliza
kinachoonyesha dada ndani ya damu.

Macho hayana pazia, watu husema.
Wasemao hivyo hawajamwona hasira kazini.
Ni fundi cherehani huyo:
huanzia pembeni mwa jicho,
pindo kwa pindo, akivuta kitambaa kuja katikati.
Kulia barafu ya milimani ikazimwa,
kushoto bahari ikazimwa,
kikabaki kitundu kama cha sindano,
na ndani ya kitundu hamna barabara,
mna jikoni kwa Dagbjört, nami nimesimama
nikisema yote niliyoshindwa kuyasema.
Niliushinda ubishi ule mara nne
kabla ya kufika kwenye mchanga mweusi.

Pana kibao pale. Nimekipita tangu utotoni:
daraja jembamba, gari moja kwa wakati.
Atanguliaye kufika ndiye apitaye,
mwingine hungoja; wala hapana mlinzi
ila jicho kukutana na jicho.
Nilikitazama kile kibao.
Naapa nilikitazama,
kama mtu atazamavyo saa,
akaulizwa saa ngapi, akatazama tena.

Alikuwa katikati ya daraja.
Mwanamume na baiskeli, na koti la rangi ya chungwa
linalowaka kama kaa juu ya chuma kijivu,
kitu pekee chenye rangi katika nchi nzima ile,
nami nikakiona mwisho.

Breki. Changarawe. Mkoba ukaruka,
tufaha likabingirika hadi chini ya pedali.
Gari likasimama, pua juu ya ubao wa kwanza.

Hakupiga kelele. Alishuka, akaikokota baiskeli,
akapita ubavuni mwangu, karibu kiasi
cha kuona matone ya mvua kwenye ndevu zake
na glavu iliyotiwa kiraka kwa uzi usiofanana.
Akainama dirishani. Ketill,
aliyetuletea barua miaka ishirini.
"Wewe si binti wa Þorgils?" akasema.
"Nilikupungia mkono tangu ng'ambo.
Ulinitazama."

Hayo tu. Ulinitazama.
Nilikaa pale hadi magoti yaliponirudia.

Jioni, kwenye kituo cha mafuta, Dagbjört akapiga tena.
Ni sita, si saba. Yule wa moshi yupo,
alihesabu vibaya au alibadili nia,
sikujali lipi.
Nikaondoka nikicheka peke yangu, nikiimba,
mguu mzito kwa raha,
na kondoo jike na wanawe wawili
wakatokea mbele ya taa kama walioumbwa papo hapo.
Niliwakosa kwa upana wa kiganja.
Hakuna aliyewahi kunionya
kwamba furaha nayo hushona,
tena kwa hariri.

Siku hizi naendesha nikitaja kwa sauti.
Wanaopanda nami hunicheka.
Nguzo ya njano. Nguzo ya njano. Kibao.
Dada yangu... hapana, rudi.
Mto, rangi ya maziwa yaliyotiwa majivu.
Nguzo.
Mtu.