Daftari la Barafu

Kurasa za mbele ni za kiwanda:
Shekuwe, mabonge arubaini, deni.
Hoteli ya Wataliano, mabonge kumi, wamelipa.
Msiba wa kina Tsuma, bonge moja, bure.
Kurasa za nyuma ni zangu.

Huko nimepiga mistari kwa rula,
dhahabu, fedha, shaba,
na pembeni majina ya nchi ambazo sijui
hata harufu ya udongo wake.

Yalianza Februari, joto la kaskazi limekaa
juu ya Malindi kama kifuniko cha sufuria.
Kwenye televisheni yetu, karibu na mitungi ya amonia,
watu waliofungwa kama mizigo ya posta
walikuwa wakimwagwa kutoka mlimani.
Ngumbao aliacha msumeno katikati ya bonge.
"Hawa wanafukuzwa na nani?"

Wahenga walisema kuteleza si kuanguka.
Hawakusema kuna nchi
zinazomlipa mtu ateleze.

Bwana Ivano alikuja kuchukua barafu ya pweza wake.
Miaka thelathini hapa, na Kiswahili chake
bado kina mashimo, ila hakikwami.
Kwao, alisema, mtoto anateleza kabla ya kutembea.
Italia inaogopwa.
Nikafungua daftari, nikamwonyesha Norwe.
Akanyamaza kama mtu aliyeletewa bili ya stima.

Norwe! Watu milioni tano na ushei,
hawaizidi Nairobi kwa mengi,
na leo hakuna aliye mbele yao.

"Toa zile za mbio ndefu," alisema Ivano.
"Ile si michezo. Ile ni adhabu."
Ngumbao akageuka, msumeno mkononi:
"Mbio ndefu si mchezo?
Hayo unamwambia Mkenya?"

Shekuwe, ambaye hugawa samaki kwa macho
na hakosei hata mkia, alisema:
gawanyeni kwa vichwa.
Tukagawanya, kalamu ikavuja jasho,
ikatoka Likitenstaini.
Medali kumi, zote za kuteremka milima,
na watu wake wote ukiwaleta hapa
hawajazi nusu ya mji huu.
"Hao ndio wanaume," alisema Shekuwe,
naye hajui wako upande gani wa dunia.

Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake.
Shekuwe alikuwa anavuta ya nani?
Labda ya wadogo wote. Labda alitaka tu
Ivano asishinde.

Usiku nilibaki peke yangu na marehemu.
Muungano wa Kisovieti. Ujerumani Mashariki.
Nchi zilizokwisha, bendera zimekunjwa,
na medali zao bado zimo kwenye hesabu,
kama kanzu za marehemu ambazo hakuna mtoto
aliyethubutu kuzivaa wala kuzitoa sadaka.
Nani arithi? Mkubwa achukue zote?
Na wale wengine waliosukuma kigari kilekile?
Kadhi mwenyewe angeomba maji ya kunywa.
Nikaziacha palepale, kwa jina la aliyezipata.

Kenya niliiandika mwisho.
Wetu wamekwenda pia, wakarudi mikono mitupu.
Sufuri, sufuri, sufuri.
Sikuona haya. Niliona baridi kidogo,
lakini mlango wa chumba cha barafu ulikuwa wazi.

Stima ikakatika saa nne.
Tulitoa mabonge mbiombio kabla hayajawa maji,
gari la Shekuwe linanguruma nje,
ubao umelowa kutoka mlangoni hadi chini.
Bonge la mwisho likamponyoka Ngumbao,
likashuka, naye nyuma yake
juu ya gunia, magoti yamekunjwa, mikono kama kunguru,
kimya, wima,
hadi kwenye gurudumu la gari.

Tukapima kwa hatua, kwa mwanga wa simu.
Nikaandika harakaharaka: Ngumbao, mita tatu, hakuanguka.
Asubuhi ndipo nilipoona
nimeandika kwenye ukurasa wa mbele, wa tajiri,
chini ya deni la Shekuwe.

Sikufuta.
Akiuliza, nitamwambia ni barafu iliyotoka.