Timazi Hewani

Jumamosi saa nane, nyuma ya soko la Burma,
kiwanja kitupu: magugu, mifupa ya ng'ombe,
korongo wawili wamesimama kama mahakimu walionyimwa mshahara.
Bosibori akatandaza karatasi yenye miraba myeusi na myeupe,
akaikandamiza kwa kijiwe.
"Baba, shika simu. Tazama."

Nimeshika mengi mimi: mwiko, sululu, toroli la zege,
mkono wa mwenzangu aliyening'inia ghorofa ya nne kule Kilimani.
Simu ya kutazamia nyumba, sijawahi.
Nikaiinua.

Ikaota.
Sina neno jingine. Iliota kama uyoga baada ya mvua ya usiku,
kuta zisizojua kona,
paa limekunjwa mfano wa leso inayotupwa begani.
Maktaba, akasema. Ya watoto wa Kaloleni na Makongeni.
Chuoni waliambiwa: chagueni msanifu mmoja mkubwa,
mwibieni jicho, msimwibie mkono.
Yeye akamchagua yule mama mashuhuri aliyelikunja zege,
ambaye miaka na miaka michoro yake ilibaki michoro,
wenye pesa wakisema haijengeki.
"Na ikajengeka?"
"Ikajengeka, Baba."

Nikaizunguka. Mchuuzi wa ndizi akapita katikati ya ukuta
na beseni kichwani, hakutetereka.
Ukuta nao haukulalamika.
Nikatoa timazi mfukoni (wengine hutembea na rozari)
nikaining'iniza mbele ya kioo.
Uzi ukanyooka. Ukuta ukakataa.
Nikacheka peke yangu:
miaka thelathini na mmoja nimelipwa kwa kunyoosha.

Lakini ngazi.
"Hizi umezipimia goti la nani?
Mwenye mimba hapandi hapa. Bibi yako angefika ya tatu
akae, aombe maji."
Akanyamaza. Akagusa kioo kwa kidole gumba,
na ngazi zikafupika, zikaongezeka, zikalainika
kwa muda wa kupiga chafya mbili.
Mimi mwaka ule, South B, nilibomoa ukuta mzima
kwa kosa la inchi mbili,
nikaujenga upya kwa mfuko wangu,
na karo ya muhula ikachelewa.
Sikumwambia. Huenda anakumbuka.

Ndipo korongo mmoja akasogea,
akaidonoa karatasi, akidhani ni utumbo,
akaiburuta.
Maktaba nzima ikang'oka. Ikapepesuka juu ya vibanda,
rafu zake, madirisha yake, ngazi mpya za bibi,
ikatua juu ya choo cha kulipia.
Bosibori mbio, viatu mkononi:
"Wewe! Rudisha jengo langu!"
Soko likageuka kutafuta jengo lililoibwa.

Alipoirudisha karatasi, imechanika pembeni,
simu ilikuwa na asilimia mbili.
Maktaba ikasimama tena, imeinama kidogo upande wa reli,
kisha kioo kikawa cheusi.
Kiganja changu kilikuwa hewani, penye ukuta.
Sikukishusha upesi.

Kabla hatujaondoka nilipanga mawe matano
pale mlango ulipokuwa. Ni mazoea tu.
Fundi haachi kona bila alama.

Jumatatu alfajiri tukakatiza kiwanja kwenda mjengo.
Mawe yapo.
Miguu yangu ikauzunguka ukuta bila kuniuliza,
shingo ikainama pale paa linaposhuka.
"Mzee ameamka na chupa," wakasema,
wakapita na mabega yao katikati ya vitabu.

Ila Obwocha, mchanganya zege, kijana asiye na maneno,
akasimama.
"Mlango uko wapi?"
Nikamwonyesha.
Akapangusa matope kwenye buti, kushoto, kulia,
ndipo akaingia.