Kiota Namba Saba

Tuna jozi moja ya gambuti, sisi wanne.
Leo zamu ni yangu, na miguu yangu midogo
inagonga humo ndani kama mbegu kwenye kibuyu kikavu.
Naingia Yala kwa upande wa Kadenge
kabla ya ng'ombe, kabla ya moshi wa majiko,
daftari kwapani, kalamu kwenye nywele,
na darubini ya kuazima yenye kioo kilichopasuka,
hivyo kila korongo ninayemwona
ana ufa kwenye taji.

Kiota namba saba kiko nyuma ya shamba la Dismas Ogwari:
sahani ya nyasi zilizokanyagwa katikati ya mafunjo,
maji ya magotini kila upande.
Mayai matatu. Yalipotagwa yalikuwa na weupe wa samawati,
sasa yameshika rangi ya tope
kama vikombe vya nyumba isiyosugua vyombo.
Nimesimika kijiti, nikakichora mistari
kwa rangi ya kucha ya dada yangu Rosebella,
nyekundu, mstari kila upana wa kidole.
Maji yakifika mstari wa tano, hakuna kifaranga.
Leo: wa tatu na nusu.
Naandika. Narudi kinyumenyume
dume asije akatanua mabawa akanifukuza
mbele ya wanaoteka maji.

"Wanakulipa ngapi?" huniuliza gulioni.
Silipwi, nawajibu.
Hucheka, wakanipimia omena pungufu.
Sijawaambia kwamba mwaka ule wa karo
nilimtoa kifaranga humu humu, nikamfunika kwa leso,
nikamuuza kwa mwenye baa ya barabara ya Bondo.
Shilingi mia tano.
Akafungwa kamba kwenye mguu wa meza ya plastiki,
walevi wakimtupia chipsi.
Nilipita pale mara moja tu. Aliinua shingo.
Silipwi, mama. Nalipa.

Ogwari alikataa kujiunga.
Tulimwendea watatu, Nyangweso akiwa msemaji,
kwa kuwa ndiye mwenye shati la kola.
"Mafunjo haya aliniachia baba," alisema.
"Nitayachoma, nipande nduma.
Ndege wenu ana mabawa. Mimi nina watoto sita.
Nani ahame?"
Nyangweso alikunja karatasi yake.
Tulikunywa uji wa mwenyeji, wenye ndimu, mtamu kweli,
tukaaga.

Usiku wa siku ya ishirini na tano, mbingu ikawa nyekundu
upande usio wa jua.
Nilikimbia. Gambuti ya kulia ilimezwa na tope
nami sikuirudia.
Moto wa mafunjo haungurumi, unapasuka,
ta, ta, ta, kama mtu avunjaye vidole vyake
akingoja habari mbaya.
Moshi ukanirudisha mara tatu.
Mara ya nne nikaketi njiani nikasubiri kuche.

Kulipokucha, weusi.
Kuanzia njia hadi majini, weusi na mvuke,
na harufu ya vyura.
Halafu, katikati, duara la kijani
lisilozidi ua wa nyumba ya kawaida,
magunia yaliyoloweshwa yakilizunguka,
na ndani yake taji la dhahabu, limetulia,
jike amekalia mayai yake.

Ogwari alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa.
"Moto wenyewe ulikataa," alisema kabla sijamwuliza.
"Mafunjo mabichi. Hayashiki."
Hakuwa na nyusi. Hata unywele mmoja.

Nilinawa uso kwa maji yake.
Nikafungua daftari juu ya goti.
Siku ya 26. Mayai: sijui, amelalia. Maji: mstari wa nne.
Safu ya mwisho ni ya jina la mlinzi wa zamu.
"Ogwari," niliuliza, "jina lako linaandikwaje?"
"La nini?"
"La daftari tu."
Alitazama pembeni, kule moshi ulikobaki,
akanitajia herufi moja moja
kama anayehesabu noti za deni
ambalo hajakiri kudaiwa.
"Ni w," alisema. "Si u."