Jozi

Gudrun alizitoa ghalani, Horsens, theluji ikingali viatuni,
spika mbili za mti wa jozi, kila moja nzito kama ndama.
"Za marehemu Eskild," akasema, akaifuta moja kwa kiwiko.
"Zilizaliwa pamoja."

Nikazigeuza kisogo.
Lebo ya kwanza: 4417. Ya pili: 4502.
Jozi kwa mbao, basi, si kwa namba.
Sikumwambia.

Nyumbani nikabandua vitambaa vya mbele.
Sifongo ya ukingoni, ile pete inayoshika koni,
ikamomonyoka vidoleni kama mkate wa juma lililopita;
masizi mezani, masizi ndani ya kahawa.
Nikakwangua jioni tatu.
Pete mpya, gundi nyembamba, na kungoja:
koni ikikaa kombo unywele mmoja tu
itakwaruza maisha yake yote.

Kisha betri ya tochi, chanya kwenye nyekundu.
Koni ikiruka mbele, nyaya ziko sawa.
4417 ikaruka mbele.
4502 ikarudi nyuma, kama mtu aliyetoneshwa kidonda.

Kumbe miaka yote ile, sebuleni kwa Gudrun,
moja ilivuta pumzi nyingine ikishusha,
besi zikamezana katikati ya zulia,
na Eskild akiongeza sauti, akiongeza,
akiyalaumu masikio yake.

Nimegeuza waya mmoja. Kazi ya dakika.
Vijiko vinatetema kabatini.
Namba ya Gudrun ninayo, nyuma ya risiti.
Nimwambie hakuwa kiziwi?